Vysotsky, mkanda na ile shoo ya Taganka: maswali mnayoniuliza kila mara

Kila nikimtaja huyu jamaa napata maswali yaleyale, hasa tangu nilivyosema kwamba shoo bora kabisa ya nyimbo kuhusu msanii aliyebanwa na serikali ni ile waliyomfanyia wenzake kazini mwaka 1981. Nimechoka kujibu mmojammoja kwahiyo nayaweka yote hapa. Mpangilio usiutafute, nimeandika kama yalivyonijia, na kuna majibu mengine marefu kupita kiasi, nisameheni.

Huyu Vysotsky ndo nani hasa?

Vladimir Vysotsky. Kazaliwa Moscow tarehe 25 Januari 1938, kafia hukohuko 25 Julai 1980, yaani miaka 42 tu. Baba ofisa wa jeshi, mama mtaalamu wa Kijerumani. Alianza chuo cha uhandisi wa ujenzi, muhula mmoja tu akaona hapana, akaacha, akaingia shule ya uigizaji ya MKhAT, lile jumba kubwa la maigizo la Moscow, na kumaliza 1960. Mwaka 1964 akaingia kwenye jumba la maigizo la Taganka chini ya mkurugenzi Yuri Lyubimov na hakuondoka tena mpaka anakufa.

Sasa shika hili maana ndo msingi wa mengine yote: kikazi, kimshahara, kwenye makaratasi, Vysotsky alikuwa muigizaji. Zile nyimbo zake zaidi ya 600, alizotunga maneno mwenyewe na kuimba mwenyewe na gitaa, kwa serikali zilikuwa kama kitu cha mtu kujifurahisha nyumbani. Hakuwa mwanachama wa chama cha waandishi, hakuwa mwanamuziki anayetambulika. Nchi nzima inamjua kwa sauti, halafu kitabu chake cha mashairi hakuna dukani.

Alifungiwa au hakufungiwa? Mbona kila mtu anasema lake?

Kwasababu jibu lenyewe ni la ajabu. Sisi tumezoea wimbo kufungiwa unafungiwa kweli, barua inatoka, redio zinaambiwa msipige, msanii anaitwa anaomba radhi, yameisha. Kwa Vysotsky haikuwa hivyo. Hakuna siku alisimama mtu akatangaza kuanzia leo Vysotsky marufuku. Walichofanya ni kumnyima muhuri.

Soviet ya wakati ule kitu chochote kinachokwenda kwa umma, kitabu, sahani ya santuri, bango, maneno ya wimbo wa kwenye konseti, lazima kipite kwa wakaguzi, ofisi kuu yao ikiitwa Glavlit. Bila muhuri hakipo. Sasa nyimbo zake nyingi haziitukani serikali hata kidogo! Kuna za kuchekesha, za vita, za wapanda milima, za wachezaji wa chesi, mke na mume wanabishana mbele ya tivii. Ila zina kitu ambacho mkaguzi anakisikia na hawezi kukiwekea kidole akasema ni huu mstari hapa. Mafumbo bwana. Watu wa pwani mnajua, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Tatizo la mkaguzi ni kwamba akiligangua mwenyewe tayari kajishtaki.

Kwahiyo ikawa danadana. Anaandikiwa filamu, anatunga nyimbo nzuri, filamu inatoka nyimbo hamna, ilimtokea kwenye filamu ya Robin Hood ya 1975 na nyingine tutaiongelea chini. Anaigiza filamu, filamu nzima inawekwa kabatini: ile iitwayo "Interventsiya" ilipigwa picha 1968, watu wakaja kuiona 1987, mwenyewe keshazikwa miaka saba. Juni 1968 gazeti la Sovetskaya Rossiya likamshambulia kwa makala nzima kuhusu anachoimba. Mwaka 1973 gazeti lingine likamsema kwa konseti zake za mji wa Novokuznetsk, wakidai anafanya kienyeji nje ya utaratibu, na yeye ndo akaandika barua kwa wakubwa wa chama kwamba jamani mimi nataka tu nifanye kazi yangu kihalali niwafikie watu bila kujificha.

Mashairi yake, kwa uhai wake wote, shairi moja tu lilitoka kwenye mkusanyiko rasmi wa Soviet, mwaka 1975, nalo likiwa limekatwa. Sahani chache ndogondogo zilitoka kweli kwa kampuni ya serikali, Melodiya, na kuna sahani mbili za mchezo wa watoto wa Alisa katika nchi ya maajabu zenye nyimbo zake, 1976, ila ukilinganisha na alichotunga ni tone. Halafu kitabu chake cha kwanza cha maana kikatoka 1981. Akiwa kaburini. Na tuzo ya taifa wakampa 1987. Kaburini pia.

Alifungwa jela? Alipigana vita? Maana nyimbo zake...

Hapana na hapana. Hili nalipenda. Vita ilipoingia kwao Juni 1941 yeye ana miaka mitatu, kahamishwa na mama yake huko upande wa Orenburg. Jela hajakaa. Lakini nyimbo zake za mwanzo, kuanzia 1961, ni za wahuni wa uani na wafungwa, na za vita zinaimbwa na mtu aliyekuwepo pale kwenye handaki, "mimi" ndani ya wimbo ndo huyo askari. Akawa anapata barua za watu wazima wanauliza wewe si ndo yule tulikuwa kikosi kimoja? Mwenyewe alilieleza kwenye konseti, kwamba anaimba kwa nafsi ya "mimi" kwasababu ni muigizaji, anavaa mtu halafu anaimba kutokea ndani.

Ndo maana nyimbo zake zinakaa jukwaani vizuri hivyo. Kila wimbo tayari ni muhusika, ana mahali, ana shida yake, ana mtu anayemjibu.

Kama redio hazimpigi na sahani hamna, watu walimsikiaje?

Rekoda. Zile kubwa za zamani zenye magurudumu mawili ya mkanda. Kuanzia miaka ya sitini viwanda vya Soviet vikawa vinazitoa kwa wingi na mtu wa kawaida anaweza kununua, nadhani hakuna aliyefikiria nini kitafuata. Vysotsky anaimba kwenye sebule ya mtu au klabu ya kiwanda au taasisi ya wanasayansi, mtu kaweka rekoda karibu, kesho mwenzake kaja na yake wameunganisha waya, wananakili, wa tatu ananakili ya wa pili, baada ya wiki wimbo uko Siberia. Wao wenyewe walikuwa na jina la hiki kitu, magnitizdat, kama kusema uchapishaji wa kwa mkanda.

Zile konseti za taasisi nazo zilikuwa na ujanja wake, hazikuitwa konseti. Ziliitwa kukutana na muigizaji. Anakuja anaongea kuhusu Taganka, anaongea kuhusu filamu, na "kwa bahati" kaja na gitaa.

Ukisikiliza rekodi hizo leo utasikia kikohozi, kiti kinaburutwa, mtu anacheka kabla ya mstari kwisha maana anaujua tayari. Mimi hizo nazipenda kuliko zile safi alizorekodi Paris na Moscow na bendi nyuma. Hapa najua kuna watu watabisha, sawa tu.

Haya, hiyo shoo ya 1981 ni nini?

Alipokufa, Lyubimov na waigizaji wa Taganka wakaamua hawatafanya kikao cha kumbukumbu na hotuba, watatengeneza mchezo. Ukaitwa kwa jina lake tu, "Vladimir Vysotsky". Umejengwa kwa nyimbo zake, mashairi yake, na vipande vya Hamlet, ule mchezo wa Shakespeare.

Hamlet kwanini? Maana ndo ilikuwa nafasi yake kubwa kabisa jukwaani. Lyubimov aliitoa Novemba 1971, Vysotsky akaicheza zaidi ya mara 200, ya mwisho ni 18 Julai 1980, wiki moja kabla hajafa. Ilikuwa inaanza hivi: watazamaji wanaingia wanatafuta viti, na yeye tayari yuko kule nyuma ya jukwaa kakaa chini ukutani, sweta nyeusi, gitaa mkononi, anapapasa nyuzi tu. Halafu anasogea mbele anaimba shairi la mwandishi Boris Pasternak kuhusu Hamlet. Hilo shairi linatoka kwenye riwaya ambayo nchini mwao ilikuwa haijaruhusiwa kuchapwa! Yaani kabla Shakespeare hajafungua mdomo, mkaguzi keshapitwa. Na kuna pazia, la sufi nzito iliyofumwa, kazi ya msanii David Borovsky, linatembea jukwaani lenyewe kama kiumbe, linazoa watu.

Sasa kwenye shoo ya kumbukumbu wenzake walewale wa Taganka, akina Alla Demidova aliyekuwa mama yake Hamlet, Veniamin Smekhov aliyekuwa mfalme, Leonid Filatov, Valery Zolotukhin, wanarudia vipande vya ule mchezo. Pale ambapo Hamlet anatakiwa kujibu, Hamlet hayupo. Inakuja sauti ya mkanda. Borovsky safari hii kaweka jukwaani safu za viti kama vilevile vya watazamaji, na shuka jeupe la kuvifunika. Basi. Unakaa kwenye kiti unaangalia viti. Wenzake wanaimba nyimbo zake kila mmoja kwa sauti yake, halafu kinafika kimya, halafu anaimba yeye.

Ilioneshwa 25 Julai 1981, mwaka mmoja kamili tangu afe. Ofisi ya utamaduni ya jiji la Moscow ikagoma kuiruhusu iingie kwenye ratiba ya kawaida. Mtu kafa, hana tena anachoweza kutunga, bado wanamuogopa. Lyubimov naye mambo yakazidi kumharibikia, mchezo wake wa Boris Godunov wa 1982 nao ukazuiwa, mwaka 1984 akiwa nje akavuliwa uraia. Ile shoo ya Vysotsky ikarudi jukwaani 1988, mwaka ambao Lyubimov naye alirudi kwa mara ya kwanza.

Lakini hiyo ni myuzikali kweli? Hamna dansi, hamna okestra.

Inategemea unaita nini myuzikali. Kama lazima kuwe na wacheza dansi ishirini na taa za rangi, basi hapana siyo. Mimi naangalia kitu kimoja: je ukitoa nyimbo stori inasimama? Hapa ukitoa nyimbo unabaki na watu wazima wamekaa kwenye viti. Nyimbo ndo stori. Kwahiyo kwangu ni mchezo wa nyimbo, iite unavyotaka.

Kwanini kila wakati unasisitiza nyimbo zake ziimbwe kwenye ukumbi mdogo?

Kwasababu nyimbo zilizaliwa kwenye chumba. Kabla ya Vysotsky na pembeni yake kulikuwa na wengine wa aina hiyo, Bulat Okudzhava, Alexander Galich (huyu Galich walimbana mpaka akalazimika kuhama nchi 1974), na wote ni habari ya mtu mmoja, gitaa moja, meza, chupa, watu kumi wamebanana. Anayeimba anaona macho yako. Wimbo wa aina hii umetengenezwa kwa umbali huo, ukimuweka mita hamsini na spika kama za mkutano wa kampeni fumbo linapotea, yanabaki makelele.

Taganka yenyewe haikuwa kubwa, ule ukumbi wa zamani kabla ya mapinduzi ulikuwa jumba la sinema. Sawa, Vysotsky aliimba pia kwenye viwanja vya michezo watu maelfu, na aliwaweza. Ila yeye alikuwa yeye. Wewe na mimi tukae chumbani.

Mbona anaimba kama mtu mwenye mafua anayegombana?

Hahaa, hili swali huwa wananitumia dakika tano baada ya kusikiliza wimbo wa kwanza. Sauti ni ya kukwaruza kweli, na gitaa lake la nyuzi saba mara nyingi kalilegeza chini ya kawaida. Ila sikiliza vizuri anachofanya: waimbaji karibu wote wanavuta irabu, aaa, ooo. Yeye anavuta konsonanti. Anakaa kwenye rrr, kwenye lll, nnn, anaing'ang'ania kama mtu anavuta ng'ombe aliyegoma. Kimuziki ni kinyume na shule zote, na ndo inayokupa ule mwili kusisimka.

Nimewahi kujaribu kutia nyimbo zake kwenye Kiswahili na hapa ndo nilipokwama kwanza. Kirusi maneno yake yanaishia kwa konsonanti kibao, anapata pa kunguruma mwisho wa mstari. Sisi karibu kila neno linafunga kwa irabu, mdomo uko wazi, pa kung'ang'ania hapapo. Nikahangaika sana mpaka nikagundua tunacho cha kwetu mwanzoni na katikati: mbwa, nguvu, mtu, ndugu. Ile mmm ya "mtu" unaweza kuikalia hata sekunde tatu. Na wimbo wake mkubwa wa 1968 ni wa kuwinda mbwa mwitu, yaani kama nimepewa zawadi.

Huo wa mbwa mwitu unahusu nini?

Kuna aina ya uwindaji wa kwao, wanazungushia eneo kamba yenye vibendera vyekundu. Mbwa mwitu anaogopa kuvuka vile vibendera, kwahiyo wanakimbia ndani ya duara mpaka wafike kwenye bunduki. Kamba ni nyembamba, angeweza kuiruka, ila kakua akijua haivukwi. Wimbo unaimbwa na mbwa mwitu mwenyewe. Na huyu mmoja anavuka.

Mwambie mkaguzi akuoneshe mstari unaoitukana serikali. Haupo. Ni wanyama tu, mzee.

Miaka kama kumi baadaye alitunga mwendelezo, safari hii wanawindwa kwa helikopta. Huo usiusikilize usiku.

Ni kweli ana wimbo kuhusu Afrika?

Anao, na ndo nilivyomjua! Mwalimu wetu wa Kirusi, mama mmoja mpole sana, siku ya kwanza ya somo la kusikiliza akaona darasani tuko Waafrika wanne, akafurahi, akaweka wimbo wa twiga. Wa 1968. Stori inatokea kwenye Afrika ya njano yenye joto, sehemu ya katikati. Twiga kampenda swala. Wanyama wote wanapiga kelele haiwezekani, ukoo gani na ukoo gani, wakwe wanalia, na kasuku mmoja mzee juu ya tawi anarudiarudia tu kwamba twiga ni mkubwa, yeye ndo anaona mbali. Twiga anaoa. Binti yake naye anaondoka na nyati wa Marekani, yule bizoni, kafikaje Afrika usiniulize mimi, muulize Vysotsky. Mwisho wimbo unasema hata kama twiga alikosea, mwenye kosa siyo twiga, ni yule aliyekuwa anapiga kelele kwenye tawi.

Warusi ule msemo wa twiga ndo anaona mbali wakaufanya methali kabisa, bosi akiamua kitu cha kipuuzi kazini mtu anaguna, eeh, twiga mkubwa, anaona. Wewe sikiliza kwa Kiswahili utaona utamu zaidi ya wao, maana kwetu kasuku tayari ni tusi la mtu anayerudia maneno ya wakubwa. Kwenye tafsiri yangu huo ubeti sikuugusa, ulijitafsiri wenyewe.

Wimbo unachekesha, unaimbwa hata na watoto. Sasa fikiria ukiwa mtu mzima wa 1968 kwenye nchi ambayo juu kuna mtu mmoja anayeona mbali kwa niaba ya wote.

Na nimesikia aliigiza kama Mwafrika?

Ndiyo, 1976, filamu ya Alexander Mitta kuhusu Ibrahim Hannibal, Mwafrika aliyeletwa kwa Tsar Peter akiwa mtoto, ambaye ni baba wa babu wa mshairi Pushkin, yaani mama yake Pushkin ni mjukuu wake. Vysotsky kapakwa rangi usoni. Kwa macho ya leo inakera, mimi inanikera, ingawa anacheza kwa heshima kubwa na muhusika ndo mwenye akili kuliko wote mle ndani. Alitunga nyimbo mbili kwa ajili ya hiyo filamu. Hazikuingia. Umeshaanza kuzoea eh.

Yule mke wake Mfaransa?

Marina Vlady, muigizaji mkubwa wa Ufaransa mwenye asili ya Urusi. Walijuana Moscow 1967, wakaoana 1 Desemba 1970. Kupitia yeye ndo akaanza kupata ruhusa ya kusafiri, 1973 akaenda Ufaransa kwa mara ya kwanza. Ndo hapo unaona utata wake: huku ananyimwa ukumbi, huku anaendesha Mercedes Moscow na pasipoti ina viza. Wengine walimwona anapendelewa. Labda. Ila mara zote alirudi, na alichotaka kukiona hakikuwa Paris, alitaka jina lake kwenye bango la mtaani kwao.

Marina aliandika kitabu kuhusu maisha yao, kilitoka 1987, na kuna watu wa familia na marafiki hawakukipenda. Ukitaka kutunga mchezo kuhusu Vysotsky usitegemee kitabu hicho peke yake.

Alikufaje? Waliomuua ni KGB?

Hapana, acheni. Pombe kwa miaka mingi halafu morfini, moyo ukachoka. Alikufa alfajiri nyumbani kwake mtaa wa Malaya Gruzinskaya. Sina haja ya kulipamba hili, na kila shoo ninayoona inayofanya ulevi wake kuwa ushairi huwa inanichosha.

Kinachoshangaza ni siku zilizofuata. Moscow iko katikati ya Olimpiki, mji umesafishwa, hakuna anayetaka habari mbaya. Magazetini vikatoka vitangazo viwili vidogo tu. Kwenye dirisha la tiketi la Taganka wakabandika karatasi kwamba muigizaji Vladimir Vysotsky amefariki. Tarehe 28 Julai watu wakajaa uwanja wa Taganka mpaka juu ya mapaa, hakuna aliyewaita. Inasimuliwa kwamba tiketi za Hamlet iliyokuwa ichezwe siku zile, hakuna aliyerudisha kudai hela yake.

Sijui Kirusi hata neno moja. Nitaelewa kitu?

Utaelewa robo, na hiyo robo inatosha kukufanya utafute zingine. Ushauri wangu usianze na tafsiri. Sikiliza wimbo mara mbili bila kujua kitu, halafu soma maneno, halafu rudi. Anza na ule wa farasi wakaidi wa 1972, mtu anaendesha farasi ukingoni mwa korongo, anawachapa huku anawaomba waende polepole. Huhitaji kamusi pale, pumzi yake inakwambia kila kitu. Halafu ule wa rafiki kutoka filamu ya wapanda milima ya 1967, mwepesi, unaweza kuuimba na watoto. Wa vita anza na ule wa mwenzake ambaye hakurudi kutoka mapiganoni, hauna fahari yoyote, mtu anamwomba tu mwenzake amwachie sigara kidogo, anajibiwa na kimya.

Pia kama una mjomba au baba mkubwa aliyesoma Moscow kwenye chuo cha Lumumba miaka ya sabini, muulize. Usimuulize kwa simu, nenda nyumbani, muwekee wimbo, umuangalie.

Nataka kufanya shoo ndogo ya nyimbo zake na kikundi changu. Nimuigize sauti?

Usithubutu. Wapo wanaoweza kukwaruza sauti vizuri kabisa, dakika tatu za kwanza watu wanashangilia, ya nne wanaangalia simu. Wale wa Taganka walikuwa wamekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo miaka 16, kama kuna watu walioweza kumuiga ni wao, na hawakumpa mtu nafasi yake. Waliimba kama wenyewe.

Vitu vingine vidogovidogo. Gitaa moja linatosha, ukiongeza akodiani iwe kimya mara nyingi. Nyimbo zisizidi kumi na nne, watu wanachoka na maneno mengi. Changanya, usiweke za vita zote pamoja. Ya twiga iweke mapema ili ukumbi ucheke ujue kumbe inaruhusiwa kucheka. Maneno ya katikati yawe machache, usisimulie maisha yake tangu kuzaliwa kama hotuba ya msibani. Na rekodi yake mwenyewe ipige mara moja tu katika shoo nzima. Ukiipiga mara tatu inakuwa redio.

Taa ukiwa huna, sawa. Mimi niliona vijana wamefanya wimbo wa mbwa mwitu kwenye chumba cha darasa, wamefunga kamba ya kuanikia nguo kuzunguka watazamaji, wameipachika vitambaa vyekundu. Hatukuambiwa kitu. Wimbo ulipoisha na taa kuwaka, karibu sote tulikaa tunaisubiri hiyo kamba ifunguliwe ndo tutoke.

Leo Moscow kuna cha kuona?

Kuna nyumba ya makumbusho yake nyuma ya Taganka, mwanae Nikita ndo ameisimamia miaka mingi. Kaburi liko Vagankovo, karibu na geti, sanamu la 1985, mtu kafungwa na kitambaa anajinasua, gitaa limekaa nyuma ya kichwa kama duara la watakatifu. Wengine wanasema limezidi mapambo, mimi pia nasema limezidi mapambo. Maua hayakosekani, hata Januari kwenye theluji.